Nyumba Imepasuka: Usome Ufa Kabla ya Kuuziba

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa nyumba ya tofali na zege kuna hatua moja inayotangulia kuziba, nayo ni kuusoma huo ufa. Mara nyingi fundi akiitwa, anakoroga saruji kidogo, anapiga lipu juu, anapaka rangi, kazi imekwisha. Masika yakirudi ufa unarudi, safari hii mpana zaidi, na mwenye nyumba hana picha, hana kipimo, hana tarehe. Akimfuata aliyejenga, anajibiwa kwamba ameshaingiza fundi mwingine, kwa hiyo ubovu ni wa huyo. Chanzo cha ubovu kimefukiwa, na dai limefukiwa pamoja nacho.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: usalama, picha, kipimo, chanzo, barua, kisha matengenezo.

Je, watu watoke?

Swali hili halisubiri mhandisi. Toeni watu wote, pamoja na wapangaji wa juu na wenye maduka ya chini, mkiona lolote kati ya haya: nguzo iliyopasuka na zege lake kumeguka, nondo za nguzo zinaonekana na zimepinda kwenda nje, ufa wa mshazari kwenye bimu (boriti ya zege), karibu na pale inapokalia nguzo, slabu (zege la sakafu ya ghorofa) iliyobonyea katikati, milango kadhaa iliyofunga vizuri jana na leo imekwama, sauti za kupasuka, au vumbi linalodondoka bila mtu kugonga, ufa unaopanuka ndani ya saa chache. Piga simu zimamoto (Tanzania ni 114, Kenya 999) na toa taarifa kwa halmashauri au kaunti.

Asirudi mtu kuchukua televisheni wala godoro. Jengo la ghorofa lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 29, 2013, lilikuwa bado linajengwa, na liliua watu zaidi ya 30. Lile la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016, lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa, na wapangaji walikuwa bado wanalala ndani. Kariakoo, Novemba 16, 2024, jengo liliporomoka watu wakiwa katikati ya biashara. Sababu za majengo haya si moja, lakini kosa la kuendelea kutumia jengo lenye dalili linaweza kuepukwa na mtu yeyote, hata asiyejua kusoma mchoro.

Kama ni kuegemeza, mirunda au nguzo za chuma ziwekwe na mtu anayejua uzito unakokwenda. Kosa la kawaida ni kuegemeza bimu ya ghorofa ya pili kwa mirunda iliyokalia slabu ya ghorofa ya kwanza, ambayo nayo chini yake hakuna kitu. Mirunda ishuke ghorofa kwa ghorofa, kila mmoja ukikaa juu ya mwenzake, mpaka kwenye ardhi ngumu. Na usibomoe ukuta wowote ili kupunguza uzito. Huenda ukuta huo ndio ulioubeba mzigo baada ya nguzo kuchoka.

Namna ya kuusoma

Piga picha kwanza: moja ya mbali inayoonyesha chumba kizima, moja ya karibu yenye rula au sarafu pembeni. Kisha bandua kipande cha lipu chenye upana wa kiganja, pale pale ufa unapopita, uone kama umeingia kwenye tofali. Ukikuta tofali na mota (saruji na mchanga unaounganisha tofali) ni nzima, tatizo ni la lipu tu. Nyufa ndogo zinazosambaa kama ramani au kama tope lililokauka hutokana na lipu yenye saruji nyingi mno, au mchanga mwembamba wenye udongo, iliyokaushwa na jua bila kumwagiliwa maji. Inaudhi macho, haiangushi nyumba.

Ufa wima ulionyooka pale ukuta unapokutana na nguzo ni wa kawaida sana kwenye nyumba za fremu, zile zinazobebwa na nguzo na bimu. Zege na tofali havisinyai sawasawa, na fundi hakuviunganisha: hakuacha nondo au bati za kufungia kila kozi (safu za tofali) chache, wala hakuweka wavu wa kuku kabla ya lipu. Ni kasoro ya ufundi, na unayo haki ya kuidai, lakini hauna haja ya kulala nje kwa ajili yake.

Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata mota kutoka tofali hadi tofali, mara nyingi ukianzia kona ya dirisha, unakupeleka kwenye msingi. Hapa tazama upana. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ncha ya nyumba au kona imezama huku katikati imebaki. Ukiwa mpana chini, katikati ndiko kulikozama. Thibitisha kwa mpira wa maji, ule ule mafundi wanaotumia kusawazisha kozi. Chagua mstari uliokuwa sawa wakati wa kujenga, kwa mfano chini ya lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kisha pima kila kona ya nyumba na uandike tofauti kwa milimita. Tofauti ya milimita 10 peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu inawezekana nyumba ilijengwa hivyo tangu mwanzo. Rudia baada ya miezi mitatu. Tofauti inayokua ndiyo inayosema nyumba inazama.

Ukishajua upande unaozama, toka nje uzunguke. Tafuta shimo la maji taka lililochimbwa karibu na ukuta, bomba linalovuja, paa lisilo na mifereji linalomwaga maji yote mguuni mwa msingi, mti mkubwa, au jirani aliyechimba msingi wake kwenda chini kuliko wako. Uliza pia udongo. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi na nyanda za Athi huko Kenya, au mbuga za Usukumani, ardhi huvimba mvua zikinyesha na kusinyaa kiangazi. Ufa wa namna hiyo hufumba masika na kufumbuka wakati wa jua, na mwenye nyumba anayeuziba kiangazi hushangaa kuona saruji mpya imesagika mvua ziliporudi. Msingi wa kina cha sentimita 60 juu ya udongo huo ni kasoro ya usanifu, wala hakuna lipu itakayoitibu.

Sakafu iliyopasuka huku kuta ni nzima ni habari nyingine. Gonga jamvi (zege la sakafu ya chini) kwa mpini wa nyundo. Pakitoa mlio wa uwazi, kifusi chini kimeshuka. Kilimwagwa chote kwa mara moja badala ya kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15.

Sasa zege lenyewe. Ufa unaokwenda sambamba na nondo, kwenye nguzo au chini ya slabu, ukiwa na doa la kahawia, ni kutu. Chuma kikishika kutu huvimba mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, na hakuna zege linalostahimili msukumo huo. Pwani yote, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, ubovu huu hutokana na chumvi: mchanga wa ufukweni, maji ya kisima cha chumvi, au upepo wa bahari juu ya zege jembamba. Pima unene wa zege lililofunika nondo pale lilipomeguka. Nguzo ilipaswa kuwa na kama milimita 40, slabu 20 hadi 25. Ukikuta 8, umepata chanzo, na umepata kosa linalopimika kwa rula mbele ya mtu yeyote. Hutokea kwa sababu fundi hakuweka vipande vya zege vya kuinulia nondo, akazilaza juu ya mbao.

Nyufa za bimu zina maana mbili. Nyembamba za wima katikati ya bimu, upande wa chini, mara nyingi ni za kawaida kama hazizidi milimita 0.3, kwani zege halipendi kuvutwa na nondo ndiyo inayofanya kazi hiyo. Za mshazari karibu na nguzo ni hatari, na zimetajwa juu: ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye nondo, ni chache au zimewekwa mbali mbali. Bimu ya namna hii huvunjika ghafla.

Kupima

Huhitaji chombo cha gharama kuanza. Karatasi moja ya kawaida ya ofisi ina unene wa milimita 0.1, hivyo karatasi tatu pamoja ni 0.3. Kadi ya benki ni milimita 0.76. Kwa kuta za tofali, wahandisi wengi hufuata mgawanyo uliotoka Uingereza: ufa usiozidi milimita 1 ni wa rangi na lipu, hadi 5 ni mdogo, ingawa milango inaweza kuanza kukaza, 5 hadi 15 unahitaji ufumuliwe, na huenda sehemu ndogo ya ukuta ijengwe upya, 15 hadi 25 ni mkubwa, zaidi ya 25 ukuta unaweza usisimame. Usiutumie mgawanyo huu kwa nguzo wala bimu. Huko milimita 1 ni nyingi.

Upana wa leo hausemi kama ufa umelala au unatembea, na hilo ndilo swali lenye pesa ndani yake. Weka skrubu ndogo tatu za shaba au za chuma kisichoshika kutu: mbili upande mmoja wa ufa, moja juu ya nyingine, na ya tatu upande wa pili, zifanye pembetatu yenye pande za kama sentimita 10. Pima kati ya vichwa vyake kwa kalipa, andika hadi sehemu ya kumi ya milimita. Pembetatu inakuonyesha ufa unapanuka na pia kama upande mmoja unashuka. Skrubu mbili peke yake zitakuonyesha la kwanza tu. Wapo wanaobandika kipande cha kioo juu ya ufa. Kioo kikivunjika unajua kuna mwendo, lakini hujui ni kiasi gani, na kioo kilichodondoka kwa sababu gundi ilikuwa mbaya kimewahi kuleta ugomvi bure.

Pima kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi, saa ile ile ya siku, kwa sababu jua la mchana hupanua kuta. Ncha za ufa zichorewe mstari mdogo wa penseli na tarehe. Ukiweza, pitisha kipindi chote cha masika na kiangazi kimoja. Najua ni muda mrefu kwa mtu anayeangalia ukuta wake ukipasuka, lakini kutengeneza ufa unaotembea ni kumwaga saruji mtoni.

Daftari liwe moja, kurasa zisizonyofolewa. Tarehe, saa, mvua au jua, vipimo, jina la aliyepima.

Kama shaka ni juu ya zege

Hapa mwite mhandisi aliyesajiliwa. Tanzania msajili ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Kenya ni Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK. Omba namba yake ya usajili na uihakiki. Asiwe mtu anayetafuta kazi ya kufanya matengenezo, kwa kuwa upande wa pili utalisema hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Nyundo ya kupimia ugumu inayodunda juu ya zege inasaidia kulinganisha nguzo na nguzo, lakini inasoma ngozi tu. Kwa ushahidi, kata sampuli za mviringo kwa mashine, tatu au zaidi, zikapondwe maabara. Mhandisi ndiye achague mahali pa kukata baada ya kutafuta nondo zilipo, kwani sampuli iliyokata nondo ya nguzo imeongeza tatizo. Kama wakati wa kujenga zilichukuliwa tofali za majaribio za zege, zile za milimita 150, dai majibu ya siku 7 na ya siku 28. Ya siku 7 hukaribia theluthi mbili ya ya siku 28. Fundi anayekuonyesha ya siku 7 pekee na kusema "bado litakomaa" huenda anasema kweli, lakini ya siku 28 iko wapi?

Kuna hesabu moja ambayo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe, nayo imemaliza mabishano mengi. Zege la 1:2:4 (saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula mifuko 6 na zaidi kidogo ya kilo 50, tuseme 6.3, kwa kila mita moja ya ujazo. Slabu ya mita 8 kwa 10, unene sentimita 15, ni mita 12 za ujazo. Hiyo ni mifuko kama 76. Stakabadhi na daftari la stoo zikionyesha 52 ndiyo iliyotumika siku ile, kila mita ya ujazo ilipata mifuko 4.3, na hilo ni karibu na 1:3:6, mchanganyiko wa zege la kusawazishia chini ya msingi. Mifuko 24 iliyobaki ilienda wapi, au haikununuliwa kabisa? Jibu la swali hilo linaweza kumwangukia fundi, na linaweza kumwangukia mwenye nyumba.

Nani alaumiwe

Hili ndilo gumu katika ujenzi wetu, maana nyumba nyingi hujengwa kwa mkataba wa ufundi peke yake: mwenye nyumba ananunua saruji, nondo na kokoto, fundi anatoa mikono. Nyumba ikipasuka, fundi anasema vifaa vilikuwa vyako, wewe unasema kazi ilikuwa yako. Tenganisheni kosa na kosa. Nondo za milimita 10 mahali mchoro ulitaka 16 ni la aliyenunua, na pia la aliyezifunga akinyamaza. Maji mengi ndani ya zege ni la fundi. Kwa mfuko mmoja lita 25 zinatosha, na pungufu kama mchanga una unyevu. Kutomwagilia zege kwa siku 7, au kutoa mbao za bimu mapema, ni la msimamizi. Kuongeza ghorofa juu ya msingi uliopigiwa hesabu ya nyumba ya chini ni la mwenye nyumba, hata kama fundi alikubali. Ukiwa umeamuru kitu kinyume na mchoro, mweleze wakili wako na mhandisi wako mapema. Kitajulikana tu.

Barua na hatua za dai

Kama hakuna mkataba wa maandishi usikate tamaa. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria; kazi ni kuyathibitisha. Kusanya ujumbe wa malipo ya simu, mazungumzo ya WhatsApp (yahifadhi yote, si kipande kinachokufaa), stakabadhi, kibali cha ujenzi, michoro yenye muhuri, na majina ya waliokuwepo. Vipande vya zege na nondo vilivyotolewa vifungwe kwenye mfuko, kila kimoja na lebo: kimetoka nguzo gani, tarehe gani, nani alishuhudia.

Andika barua kabla ya kuingiza fundi mwingine. Taja kila kasoro na mahali ilipo, ambatanisha picha na vipimo, mtake mjenzi aje kukagua ndani ya siku 14, aseme atarekebisha vipi na lini. Usiandike matusi wala neno "tapeli"; barua hiyo ndiyo itakayosomwa na msuluhishi. Kwenye mkataba rasmi kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 au 12 baada ya makabidhiano, ambapo mjenzi anawajibika kurudi, na sehemu ya malipo huwa imezuiliwa kwa ajili hiyo. Ukimnyima nafasi ya kurudi, unaweza kudhoofisha dai lako mwenyewe. Isipokuwa jambo ni la hatari: hapo egemeza mara moja, piga picha, mjulishe siku hiyo hiyo.

Akija, kagueni pamoja na muandike karatasi moja ya mliyoyaona, wote mtie saini. Iandikwe yaliyoonekana tu. Mkianza kubishania sababu kwenye karatasi hiyo, hakuna atakayesaini.

Asipokuja, serikali ya mtaa au chifu anaweza kuwakutanisha, na kwa fundi wa mtaani njia hiyo mara nyingi inafika mbali kuliko mahakama. Kwa mkandarasi aliyesajiliwa, lalamika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, au kwa Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Elewa kazi ya bodi lakini: inashughulikia usajili na nidhamu ya mkandarasi. Fidia yako utaipata kwa makubaliano, usuluhishi au hukumu. Tanzania, Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC, linahusika na usuluhishi wa migogoro ya mikataba ya ujenzi. Angalia kama mkataba wako umelitaja. Kenya, dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Muda unakimbia. Katika nchi zote mbili, dai la mkataba kwa kawaida lina miaka 6, na la uzembe usiotokana na mkataba, kama lile la jirani aliyechimba akapasua ukuta wako, miaka 3. Mazungumzo ya "nitakuja wiki ijayo" hayasimamishi saa hiyo.

Ripoti ya mhandisi utakayopeleka huko iwe na mambo manne: vipimo, chanzo, njia ya kutengeneza, gharama. Ripoti inayosema "ukuta una nyufa nyingi na kazi ni duni" haimsaidii hakimu. Inayosema "ringi zimewekwa kila milimita 300, mchoro unataka 150, picha namba 7" inasaidia.

Mkikubaliana atengeneze

Yaandikeni. Njia itajwe: ufa wa ukuta uliolala ufumuliwe, nondo za milimita 8 zipitishwe kwenye kozi kila baada ya kozi tatu, nusu mita kila upande wa ufa, zege lenye kutu libomolewe mpaka nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe hadi king'ae, na kilichokonda kiongezewe. Chanzo kiondolewe kwanza, iwe ni bomba, shimo au mifereji ya paa. Atajwe atakayesimamia, na nani analipia mhandisi.

Malipo ya mwisho yafungwe kwenye vipimo. Ukuta ukishapigwa lipu, rudisha skrubu tatu pale pale zilipokuwa, mpime pamoja siku ya kwanza, mwandike namba na kusaini. Masika yakipita na namba hazijabadilika, anachukua pesa yake iliyobaki siku hiyo hiyo.